Konsolata Alituandikia Tusije

Bado naikumbuka Alhamisi ile, mwanangu, mwaka wa elfu mbili na nane, wageni kutoka nchi nyingine walipokuwa wakifukuzwa kule mtaa wa Alexandra. Nilikuwa natengeneza viatu Jeppestown, nina nguvu, nina ndevu nyeusi, na akili ilikuwa bado njiani kutoka Uvira.

Jirani yangu alikuwa Bizimana, fundi cherehani, Mrundi mpole kupita kiasi. Alikuwa na televisheni dukani, na siku za Jumapili tulitazama sinema. Tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya wale wapanda farasi wenye kofia pana: tajiri mmoja anawatuma wanaume wanne jangwani, wakamrudishe mke wake aliyetekwa na majambazi. Mimi ndiye niliyetafsiri. Kiingereza sikijui, shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya mbuzi wa baba, hayo nitakueleza siku nyingine. Basi nilikuwa natunga tu. Yule mama akifungua mdomo, mimi nasema, "Anawaambia, njooni mnichukue, nakufa!" Watu wanapiga makofi. Baadaye kijana mmoja aliyesoma aliniambia kwamba mama yule alikuwa anawafukuza. Alikuwa amekwenda kwa hiari yake. Nilicheka, nikaendelea kutafsiri vilevile.

Sasa, Bizimana alikuwa na dada, Konsolata, msusi, aliyepanga chumba cha uani kwa bibi mmoja wa Alexandra. Sisi wote tulimwita Gogo, ndivyo Wazulu wanavyowaita bibi zao hapa. Fujo zilipoanza, simu ya Konsolata ikawa haipatikani siku tatu. Siku ya nne ukaja ujumbe: "Niko kwa Gogo, kanificha. Msije."

Bizimana alishukuru Mungu, akakaa chini. Mimi nikamwambia, "Mzee, hiyo kaandikishwa. Mtu aliyeshikwa huandika hivyohivyo." Nililipata wapi hilo? Kwenye sinema, wapi kwingine. Akabisha kidogo, nikamuuliza kama ni mwanamume. Neno hilo, mwanangu, limepeleka wengi pabaya. Tukaazima bakkie, pikapu ndogo, ya Mkongo mwenzangu, tukaondoka mchana kweupe, mimi na aproni yangu ya gundi kifuani.

Tulimkuta Gogo mlangoni anachambua maharage. Akatutazama mara moja tu, akainamisha kichwa, kama hatujui. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikasimama katikati ya ua nikaita kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yote, "Konsolata! Toka, tumekuja kukuchukua!"

Vijana watatu wenye fimbo wakatoka kwenye kona ya spaza, kiduka cha mtaani.

Gogo aliinuka, mwili mzito ule, akanishika aproni akaanza kunitukana kwa Kizulu. Eti nimeharibu viatu vyake vya kanisani, nimevikalia mwezi mzima, leo nakuja mikono mitupu na makelele ya kwetu! Akawageukia wale vijana akawaambia wasiniue kabla sijarudisha viatu. Wakacheka. Mmoja akavunja taa ya gari kwa fimbo, wakatuachia tukaondoka.

Lakini jina la Konsolata lilikwishasikika. Pale hapakuwa tena mahali pa kujificha. Jioni hiyohiyo akina mama wa kanisa la Gogo walikuwa na ibada yao ya Alhamisi, basi akamvika Konsolata sare yake ya pili ya kanisa, blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kofia nyeupe. Akamtia katikati ya mstari wa wamama. Wakapita mbele ya vijana walewale wakiimba, na yeye anachezesha midomo tu, maneno hayajui. Alifika kanisani salama.

Mambo yalipotulia nilikwenda kuomba msamaha. Gogo alinipa chai kwanza. Kisha akasema taratibu, ili Kizulu chake kinifikie:

"Mtoto alikuambia usije. Ulisoma?"

"Nilisoma, Gogo."

"Basi ulikuja kwa ajili ya nani?"

Nilitazama chai. Gogo akaniongezea mkate.

Mwanangu, nisikilize. Mtu akiwa taabuni usimtungie maneno. Muulize anataka nini, na akikuambia kaa, kaa, hata kama miguu inawasha na wenzako wanakuita mwoga. Kukaa kule kunauma kuliko kwenda, najua. Na aliye karibu naye, hata akiwa wa kabila jingine na lugha nyingine, huenda ameanza kumwokoa kabla wewe hujavaa viatu.

Mungu akupe masikio mapana, mwanangu. Na siku utakayokuwa wewe ndiye uliyejificha, akupe mlango wa mtu kama Gogo, na ndugu watakaoliamini neno lako.