Makubadhi Yaliyogeuzwa Mlangoni

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila nionapo viatu vya wageni mlangoni, na leo imeniandama tangu alfajiri. Jumamosi wanakuja watu kuchukua jibu la posa ya mjukuu wangu. Baraza imefagiliwa, mikeka imeanikwa, na mimi siwezi kutulia. Nimetoka nje, nimeingia, nimetoka tena kupaangalia pale viatu vitakapowekwa, mpaka mkwe wangu akaniuliza, "Baba, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu. Basi keti hapa nikueleze, na univumilie nikisimama katikati ya maneno.

Nilikuwa kidato cha tatu, tukiishi Temeke katika nyumba ya baba yangu, aliyehamia huko kutoka Kilwa. Miaka hiyo kulikuwa na Mjapani mmoja, mwalimu wa ufundi, tukimwita Mwalimu Kenji. Jioni alifundisha judo kwenye ghala kuukuu. Sakafuni tulimwaga maranda ya mbao, tukayafunika kwa turubai, na hapo ndipo tulipoangushana. Baba alikuwa amenikataza. Kwake judo ilikuwa ugomvi wa kufundishwa. "Nikusomeshe, halafu uje kuwa mpiga watu?" alisema, akaapa kwamba siku atakayosikia nimekwenda, shule ndiyo basi. Mimi nikawa nakwenda kwa siri, namdanganya kwamba najisomea na wenzangu.

Nitakwambia jambo utakalolicheka. Kilichonivuta zaidi pale hakikuwa kuangusha watu, zilikuwa ndala za mwalimu. Zilisukwa kwa majani makavu, bapa kabisa, zikiwa na ukanda wa kitambaa cheusi unaopita kati ya kidole gumba na kile cha pili. Aliziita zori. Alikuwa nazo pia za mbao, geta, zenye meno mawili chini, na hizo zilinikumbusha mitalawanda ya bibi yangu, ile ya mti aliyokuwa akiivaa kwenda kuoga, ikigonga ko, ko, ko uani. Siku moja nikazijaribu zile za majani. Nikasukuma mguu mpaka mwisho, kama ninavyovaa ndala zangu za mpira. Mwalimu akacheka.

"Wewe navaa kama nakimbia mvua," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Hapana bana. Acha nafasi kidogo mbele. Kisigino toka nje."

"Kitoke nje? Si zitakuwa zimenipwaya kwa mbele na kunipungukia nyuma, mwalimu?"

"Hapana pungua. Ndiyo hivyo."

Nikajifunza kwamba hazina ya kulia wala ya kushoto. Leo hii unaivaa huku, kesho unaihamishia kule, zipate kulika sawasawa. Ukizivaa, hutembei kwa kurusha miguu. Unapiga hatua fupi, taratibu, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai. Na nikajifunza la mlangoni. Mtu akivua zake kabla ya kupanda turubai, hazibaki zikimtazama yeye. Zinageuzwa, ncha zikaelekea nje, ili akimaliza ashuke na kuvaa bila kuhangaika. Sisi wadogo ndio tulikuwa tukiwageuzia wakubwa. Kwao hiyo ni heshima, ni kumwambia mtu: nimekufikiria hata safari yako ya kurudi. Jambo hilo likaniingia moyoni. Nilijiona nimejua adabu ambayo mtaa mzima hawaijui.

Sasa, nilikuwa na dada, Zuhura, ananipita kidogo kwa umri. Alikuwa ameposwa na Hamisi, fundi cherehani kijana wa Mbagala. Alimpenda, wala hakujua kuficha. Nguo zetu zilizochanika zilipelekwa kwa Hamisi, na zisizochanika zikachanika. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, utatuacha uchi." Posa ilikwisha kuletwa, na siku hiyo wazee wa Hamisi walikuja kuchukua jibu. Sote tulijua jibu ni ndiyo. Baba alikuwa amepanga kulitamka baada ya chakula.

Walikuja na mshenga wao, na mbele yao Mzee Sefu, ami yake Hamisi, mtu mwenye sauti nene na moyo mwepesi kuumia. Wakavua makubadhi barazani, wakaingia. Mshenga akaanza mizaha: "Tumepotelewa na sindano yetu, tumeambiwa imeonekana katika nyumba hii." Baba akamjibu, "Sindano ipo, lakini inachoma." Watu wakacheka.

Mimi nikatoka nje. Nikayaona yale makubadhi yamevuliwa ovyo, yakielekea ndani. Moyo ukanituma. Nikayageuza jozi moja moja, nikayapanga kwa mstari, ncha zikitazama njia. Nikasimama nikayaangalia, nikafurahi. Nilitaka Zuhura aolewe kwa adabu kubwa kuliko zote.

Baada ya muda Mzee Sefu akatoka kwenda kutawadha, maana adhuhuri ilikuwa imeingia na chakula kilikuwa bado jikoni. Akasimama mlangoni. Hakupiga hatua nyingine.

"Nani kagusa viatu vyetu?"

Baba akatoka, na wengine nyuma yake. Mimi nilikuwa nao, nimeshika beseni la kunawia.

"Nauliza, nani kavigeuza? Kumbe jibu limeshatolewa, sisi tumekaa ndani tunangoja kulishwa! Tunaonyeshwa njia!"

"Sefu, ndugu yangu," baba akasema, "hakuna aliyewaonyesha njia."

"Nani kapita hapa?"

Mtu mmoja akasema, bila ubaya, kwamba alimwona Zuhura akipita na birika. Ni kweli alipita. Akaitwa. Akaja na kanga yake mpya, mikono ina unga wa viungo vya pilau, uso umejaa furaha, akidhani anaitwa kwa jema.

"Binti," Mzee Sefu akamwambia, "kama humtaki mtoto wetu ungesema. Hatukuja kulazimisha."

"Mimi? Wallahi sijagusa kiatu cha mtu!"

"Basi vimejigeuza."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Yangetosha maneno haya: ni mimi, nilikuwa nawaheshimu. Lakini swali la pili lingekuwa, heshima hiyo umeitoa wapi? Na baba alikuwa amesimama karibu yangu, nasikia pumzi yake. Nikaifikiria shule. Nikalishika lile beseni kwa nguvu, nikayatazama maji.

Zuhura akaapa tena, akilia. Mzee Sefu akasema viapo vya wasichana anavijua. Hilo likamchoma baba. "Unamwita mwanangu mwongo ndani ya nyumba yangu?" Sauti zikapanda. Mshenga akajaribu kuingilia, akaambiwa anyamaze na pande zote mbili. Wakavaa makubadhi yao, ambayo kweli yalikuwa tayari kwa kuondoka, wakaenda zao. Pilau tuliwagawia majirani. Hamisi alimtuma mtu kuulizia, ami yake akamzuia, na baba naye akasema mlango umefungwa. Hazikupita siku nyingi Hamisi akaozwa kwingine.

Mtaani jambo likageuka mzaha. Zuhura akienda bombani wanawake walimwambia, "Shoga, usinigeuzie ndoo!" Wakicheka. Alikuwa akirudi na maji hasemi na mtu. Kila usiku niliamua nitasema kesho. Kesho ikifika, neno lilikuwa limekua zaidi ya jana. Judo nikaiacha, maana sikuweza tena kuingia pale mlangoni. Mwalimu Kenji alipoondoka nchini aliniachia zile zori za majani. Sikuzivaa hata mara moja. Nilizifunga kwenye gazeti, nikazihamisha nyumba hadi nyumba, hata nilipohamia huku Mbagala.

Zuhura aliolewa baadaye Kimbiji, akapata watoto, sasa ni mjane. Nimekaa naye kwenye harusi na misiba miaka yote hiyo, na kwenye harusi sijawahi kukaa mpaka mwisho. Watu wanadhani sipendi kelele.

Baada ya Idi iliyopita nilishindwa. Nikachukua lile furushi la gazeti nikaenda Kimbiji. Nilipomaliza kumweleza yote alizishika zile zori, majani yakimvunjikia mikononi.

"Kwa hiyo hizi ndizo zilizonikosesha Hamisi?"

"Si hizo, dada. Ni mimi."

Akalikunja lile gazeti taratibu. Kisha akasema, "Unajua kilichoniuma si Hamisi. Ni kwamba baba alikufa akiwa hana hakika nami. Aligombana na wale wageni kwa ajili yangu, lakini hata yeye aliniuliza chumbani: mwanangu, kweli hukuvigeuza?" Hakunikemea. Laiti angenikemea.

Nilipoaga, alinitangulia kutoka. Ndala zangu za mpira zilikuwa kizingitini, zimetazama ndani. Akainama na magoti yake mabovu, akanizuia nilipotaka kumsaidia, akazigeuza moja baada ya nyingine mpaka zikatazama njia.

"Ndivyo alivyokufundisha Mjapani wako?"

"Ndivyo."

"Basi vaa, uende. Na mjukuu wako akija kutolewa jibu uniite. Nitakaa barazani, anayetaka kuvigusa viatu vya wageni aniambie kwanza."

Jumamosi Zuhura anakuja. Ndiyo maana situlii.

Mwanangu, sikukatazi kujifunza adabu za watu wa mbali. Jifunze, ni nzuri. Ila ukizileta nyumbani zitangulize kwa maneno, kwa sababu mkono wako hauwezi kumweleza mgeni ulichokusudia. Na ukikosea, sema papo hapo, aliyekosewa akiwa bado amesimama mbele yako. Usiseme utasubiri hasira zitulie. Zitatulia kweli, lakini juu ya kichwa cha mtu mwingine, nawe utamwona akizibeba kila siku akienda bombani.

Mungu akupe ulimi mwepesi pale kosa linapokuwa lako. Akuepushe kumwona nduguyo akiapa kwa jambo unalolijua wewe. Na popote utakapovua viatu, ukute mwenye nyumba anayetamani urudi.