Koti la Baba Mkwe

Baba yangu alinichagulia uchapaji. Nikasomea, nikaajiriwa kiwanda cha chai, nikapiga taipu miaka mingi huku roho yangu iko kwenye vitambaa. Kisha serikali ikauza kiwanda, mwekezaji akaja na kompyuta zake, nasi wachapaji tukapunguzwa. Wenzangu walilia. Mimi nilijitahidi kulia.

Nikanunua cherehani, nikaiweka barazani kwetu Kyimo. Baba mkwe, jirani yetu, alichukia. Kwetu Wanyakyusa mzee na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani; akitokea njiani, mimi naingia migombani hadi apite. Kwa hiyo karipio lake lililetwa na mama mkwe: "Baba anasema mtu wa ofisi hawezi kutia viraka suruali za wakulima. Uza cherehani, utafute ofisi nyingine." Ofisi zenyewe zilikuwa zikifungwa, lakini hilo halikumhusu. Mume wangu, kwa ushujaa wake wote, alisema tungoje tuone.

Tukangoja. Mzee akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akataka koti jeusi jipya, maana hawezi kusimama mbele ya waumini na kafa Ulaya mgongoni. Bahati mbaya mafundi wa Tukuyu mjini nao walishaacha kushona, wanauza hiyo hiyo mitumba. Nikabaki mimi.

Lakini unampimaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama? Mama mkwe alimpima kwa kamba za mgomba, akapiga fundo kila kipimo, akaniletea. Asichoniambia ni kwamba ulikuwa mwezi wa baridi, mzee kavaa sweta mbili, na hakukubali kuvua hata moja.

Jumapili nikachungulia kutoka upande wa wanawake. Koti lilikuwa limesimama vizuri, mzee akiwa ndani yake kama mgeni. Nikajua cherehani yangu imekwisha kuuzwa, na nikaogopa kweli.

Kesho yake tukakutana njiani. Nikaingia migombani, nikampa mgongo. Hatua zake zikasimama. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akisema neno karibu nami.

"Mwambieni fundi wangu apunguze mikono ya koti," aliiambia migomba. "Halafu suruali yake nayo ifuate."

Akaenda zake. Nililia humo humo migombani, safari hii bila kujitahidi.