Ng'ombe Mwekundu Kwenye Mchezo wa Roboti

Baba mkwe wangu alikuja kwetu mjini Katesh kutoka kijijini Gehandu akiwa na kikohozi, na hospitali wakasema ni kifua kikuu. Miezi ya mwanzo ilibidi ameze vidonge kila asubuhi mbele ya nesi, nesi akiangalia mpaka vimeshuka. Gehandu ni mbali kwa kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo alikaa kwetu, chumba na sebule nyuma ya kibanda ambamo mume wangu alikuwa anatengeneza redio na televisheni. Nesi alitupima wote, mpaka mtoto, akatuagiza madirisha yasifungwe.

Mzee hakupenda. Sio sisi, nadhani, ila mji. Alikuwa anaamka alfajiri kama alivyozoea, anatoka nje, anakuta bati na ukuta wa jirani, anarudi kukaa.

"Hapa mtu anaamkia nini?" alimwuliza mume wangu.

Mume wangu alirudi kwenye redio zake. Yeye ndiye kitinda mimba, aliyeacha ng'ombe akafuata nyaya, na mpaka wakati ule baba yake hakuwahi kumwuliza kazi yake ikoje. Simlaumu mzee. Mume wangu naye hakuwahi kumweleza.

Mimi, ukiacha shikamoo, sikuwa nasema naye moja kwa moja. Katika ukoo ule mke wa mtoto anamheshimu baba mkwe kwa kupitisha maneno kwa mtu mwingine. Nilikuwa napitisha kwa mwanangu, ambaye hata maneno yake mwenyewe yalikuwa hayajafika kumi. "Mwambie babu uji umepoa." Babu anamjibu mtoto: "Mwambie mama yako auweke hapo." Mtoto anatuangalia mmoja mmoja, anaendelea kutafuna kifuniko. Maneno haya tulikuwa tunasema kwa lugha ya nyumbani. Nikiyaweka kwa Kiswahili huenda nayapindua kidogo.

Haikupita wiki ya pili, akaanza kukunja mgololo wake, shuka lake la mabegani, na kusema amepona.

Miaka ile vitu vilikuwa vimefunguka. Mkoa wetu ulikuwa umemegwa karibuni, tukiulizwa tunatoka wapi bado ulimi unasema Arusha, na kutoka Arusha kwenyewe zilikuwa zinakuja kompyuta zilizotumika Ulaya, nzito kama kinu. Mume wangu alipata moja, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Ndani yake fundi mwenzake alimwekea mchezo wa zamani wa roboti. Roboti mdogo mwenye kofia ngumu anakimbia, anaruka mashimo na miiba ya chuma, anapiga risasi kutoka mkononi, na mwisho wa kila hatua anakutana na roboti mkubwa. Akimshinda, anachukua silaha yake na kuendelea nayo mbele.

Hiyo ndiyo ilimkamata mzee. Alikuwa amegeuzia televisheni mgongo, lakini aliposikia mwanawe akieleza mteja habari ya silaha, akageuka.

"Anachukua ya yule aliyemshinda?"

"Ndiyo, baba."

"Hiyo ni haki," akasema, akavuta kigoda.

Kuanzia hapo akawa kocha. Pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe, hakuigusa, ila aliamuru. "Usiruke! Mtu haruki hajaona upande wa pili. Rudi. Rudi nyuma ukimbie kwanza." Mume wangu akianguka kwenye miiba, mzee anapiga goti lake kofi. "Umemwua tena. Ungekuwa unachunga wangu, ningekuwa nimebaki na fimbo tu." Asubuhi alikuwa anaenda hospitali haraka ili arudi. Ningependa kusema ni mchezo uliomshika, lakini nesi pia alikuwa anaijua lugha yetu na alikuwa anamtania, na uji wangu nadhani haukuwa mbaya. Sijui. Nilichoona ni kwamba mgololo haukukunjwa tena.

Basi mume wangu akataka kumfurahisha zaidi. Yule fundi alikuwa amempa na michezo mingine iliyotokana na ule ule. Kumbe huko duniani wako watu wanaoupenda mchezo mpaka wanaufungua matumbo na kuubadilisha: mmoja kamvika roboti gauni, mwingine kageuza risasi kuwa samaki, mwingine kaifanya miiba kuwa mingi mpaka hapitiki. Hawalipwi. Iko programu inayoonyesha picha za mchezo zikiwa vimraba vidogo vidogo, unapaka rangi kimoja kimoja. Mume wangu akaanza kupaka. Rangi zilizokubalika zilikuwa tatu tu. Kwa rangi tatu hizo alimchora ng'ombe mwekundu wa boma lao, mwenye baka jeupe ubavuni na pembe moja iliyoinama kama anasikiliza chini. Nilisimama nyuma yake nikiangalia. Hakuwa ameishi na ng'ombe yule tangu aondoke bomani, na baka aliliweka mahali pake bila kuuliza mtu.

Akamwonyesha baba yake mchana, baada ya hospitali.

Mzee alimjua ng'ombe kabla hajaingia mzima kwenye kioo. Akasimama. Akamwita kwa jina lake, ile sauti ya jioni ya kuita zizini. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni, nikaona uso wa mume wangu. Sijamwona tena na uso ule.

Sasa tatizo ni hili. Mume wangu alikuwa amebadilisha picha tu. Picha aliyoifuta ilikuwa ya adui, na ndani ya mchezo adui ni adui hata ukimvika ngozi gani. Ng'ombe alikuja anatembea pole pole kuelekea kwa roboti, na mkono wa mume wangu, kwa mazoea, ukabonyeza. Risasi ikatoka. Ng'ombe akapasuka, pu, akawa cheche.

Akatokea wa pili, yule yule. Safari hii mume wangu hakupiga. Ng'ombe akamfikia roboti, akamgusa, na roboti akafa.

"Wewe," mzee akasema taratibu, "umewahi kuguswa na ng'ombe ukafa?"

"Baba, ni picha."

"Picha ya nani?"

Mume wangu akazima televisheni.

"Nimekuuliza. Picha ya nani?"

Kesho yake asubuhi mgololo haukuwepo, na fimbo haikuwepo. Jirani alisema amemwona amepanda pikipiki ya kuelekea Gehandu.

Nilikimbilia hospitali. Nesi hakutania siku ile. Alisema mtu akiacha dozi katikati, ugonjwa unajifunza dawa, ukirudi haukubali tena. Alisema mzee wa umri ule hana nafasi mbili. Akanipa vidonge vya siku chache, akasema huwa haruhusiwi kufanya hivyo kirahisi, na kwamba nimrudishe.

"Nenda wewe," nilimwambia mume wangu.

"Nikienda mimi, atanisikiliza? Mimi ndiye niliyemwua."

"Hujaua kitu, ni kompyuta!"

"Mwambie yeye."

Nilimwona mwoga, na njia nzima kwenye pikipiki, mtoto mgongoni, nilikuwa nagombana naye kichwani. Lakini sasa naona huenda alikuwa sahihi. Angekwenda yeye wangekaa wawili kimya mpaka jua lizame.

Nilimkuta mzee nje ya boma, ameketi juu ya jiwe, amekonda zaidi kwenye mwanga kuliko alivyokuwa sebuleni. Mbele yake kisimani ng'ombe mwekundu alikuwa anakunywa maji, mzima kabisa, baka lake na pembe yake. Nikasalimu. Nikamweka mtoto chini, nikaanza kama kawaida: "Mwambie babu nesi amempa dawa."

"Mwambie mama yako," akasema, macho kwa ng'ombe, "nakaa hapa nimwangalie huyu. Amepigwa mbele yangu. Kitu kikishapigwa hivyo, mtu hajui. Nikiondoka, akafa?"

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Na mtoto alikuwa ameshaondoka anafuata kuku, kwa hiyo sikuwa na wa kumpitishia. Nikasema mwenyewe.

"Baba, na ukifa wewe? Ng'ombe huyu atabaki na nani anayemjua mama yake, na mama wa mama yake?"

Alinigeukia. Nilidhani atanifukuza. Sijui kama nilikosea. Wako wanaosema nilikosea, na sababu wanayo.

"Kumbe una mdomo," akasema.

"Ninao, baba."

"Lete hivyo vidonge."

Akavimeza, nami nikaangalia mpaka vimeshuka, kama nesi. Ila kurudi nami alikataa. "Nitakuja nikishamwona amelala na kuamka."

Nyumbani nilimkuta mume wangu hajala. Alikuwa ameufungua mchezo tena. Kubadilisha tabia ya adui kulimshinda, alisema hiyo ni elimu ya watu wengine. Ila katika mchezo yako makopo madogo yaliyokaa njiani, roboti akiyagusa nguvu zake zinapanda. Alikuwa ameyafuta makopo. Kila palipokuwa na kopo, sasa alisimama ng'ombe mwekundu.

Tulingoja. Vidonge nilivyomwachia mzee vilikuwa vinakaribia kwisha, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo mume wangu alichungulia. Siku ya mnada mzee akaja, amekaa nyuma ya kijana wa bodaboda, fimbo imesimama kama bendera. Hakuingia ndani. Alipitiliza hospitali, akarudi, ndipo akakaa kwenye kigoda.

"Nionyeshe," akasema.

Mume wangu akacheza. Roboti akamfikia ng'ombe, akamgusa. Mstari wa nguvu, ule wa pembeni ya kioo, ukapanda mpaka juu. Ng'ombe akatoweka.

"Ameenda wapi?"

"Amempa nguvu, baba."

"Kwa hiyo amemla. Mzima mzima, bila kuita hata jirani."

"Hapana! Amempa maziwa. Amekamuliwa, ameenda malishoni."

Mzee akasogelea kioo, akauwekea ule mstari kidole.

"Yote hayo ni maziwa yake?"

"Ndiyo."

"Huyu hajawahi kutoa maziwa hayo. Umemsifu sana." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatulia, akaendelea kucheka.

Alikaa mpaka nesi akasema anaweza kumalizia dozi kwenye zahanati ya karibu na kwao. Siku moja kabla hajaondoka niliwakuta wawili mbele ya televisheni, na pedi ilikuwa mikononi mwa mzee. Alikuwa ameishika kama mtu anayeshika yai. Roboti alikuwa amesimama kando ya ng'ombe, hamgusi, na nguvu zake zimebaki kidogo.

"Baba, sogea basi. Mguse, utapata nguvu."

"Mwache. Nikimgusa ataondoka."

"Utakufa hapo."

"Nani kakwambia nina haraka? Ng'ombe amesimama, na wewe simama."

Mume wangu akakaa chini pembeni yake. Nikawaacha, nikaenda kufunga vidonge vya safari.