Gunia Bichi Juu ya Mota

Mota iliyoungua haina haja ya kupiga hodi. Wateja wangu hapa Kahama wakiniletea moja juu ya baiskeli, huwa nimeshajua kabla hawajaishusha, kwa ile harufu ya vanishi iliyoiva, kama dagaa walioungulia sufuriani pamoja na kifuniko cha plastiki. Wengine huziba pua. Mimi narudi kwetu Masumbwe, nina miaka tisa, na nina hasira. Nitawasimulieni, ila msinionee huruma sana. Nimeshajionea ya kutosha.

Baba yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na mashine moja tu ya kuranda mbao, iliyozungushwa na mota ndogo ya kijivu. Mota ile ndiyo iliyotulisha, na mlinzi wake alikuwa mimi. Kila asubuhi kabla ya shule nilisafisha vumbi la mbao kwenye matundu ya feni kwa unyoya wa kuku, maana baba alisema mota inapumulia pale. Nilibonyeza kwa kidole gumba mkanda uliounganisha mota na mashine, na ukiwa umekaza mno nilimwambia aulegeze, usiichoshe mota bure. Kazi ikiendelea, niliweka kiganja mgongoni mwa mota na kuhesabu. Nikifika kumi mkono ukiwa bado pale, tunaendelea. Nikishindwa, napaza sauti, "Ipumzike!" na baba, mtu mzima na ndevu zake, anazima, hata kama mteja kasimama mlangoni. Jamani, mtoto gani mwingine pale mtaani alikuwa na cheo kama kile? Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita binti wampendaye, na kila mgeni aliambiwa kwamba karakana ile nitairithi mimi.

Baba mdogo Masanja, mdogo wake baba, alifanya kazi naye. Nilimpenda kuliko soda. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, mama akakasirika wiki nzima. Kasoro yake ilikuwa moja, haraka.

Jumamosi moja baba alikwenda Ushirombo kutafuta mbao. Madawati ya shule yalitakiwa Jumatatu, na Masanja alikuwa akiranda mbao ambazo hazijakauka, anazisukuma kwa nguvu mpaka mota inaguna. Nikaweka kiganja. Sikufika hata nne.

"Ipumzike!" nikasema.

"Zimebaki mbao chache, Kabula. Acha uoga."

"Baba mdogo, itaungua."

"Haiungui. Nenda kachote maji, tuipoze."

Kwetu dumu la maji ya kunywa huvishwa gunia bichi, na maji yanakuwa baridi kweli hata jua likiwaka. Nadhani ndiko alikoitoa akili ile. Niliporudi na ndoo, akalichovya gunia, akaifunika mota nzima, matundu ya feni na yote, kisha akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kulikaza fundo kwa meno. Nikamwambia haitapumua. Akacheka. Mvuke ulipoanza kupanda nami nikaanza kuamini kwamba labda mtu mzima anajua zaidi. Kisha mota ikanguruma, ikanyamaza, na ile harufu ikajaa karakana yote.

Baba aliporudi jioni alinusa mlangoni kabla hata hatujamwamkia. Alijaribu kulifungua lile fundo, likamshinda, akaukata mpira kwa kisu. Akauliza ni nani aliyefanya vile.

"Kabula," akasema Masanja bila kupepesa macho. "Nilitoka kwenda dukani mara moja tu, narudi nakuta ameshaivisha gunia. Alitaka kuipoza. Ni mtoto tu, kaka, usimpige."

Usimpige! Ananitetea kwa kosa lake mwenyewe! Nilifungua mdomo nieleze yote. Likatoka neno moja tu, "Mwongo!" na mama akanikemea vikali kwa kumtukana mkubwa. Baba alinitazama, akautazama mpira mkononi mwake, akanitazama tena.

"Kuanzia leo usikanyage karakana," akasema. "Mashine si za watoto wa kike."

Heri angenichapa. Mota nyingine ilipatikana, nami nikawa naisikia kutoka jikoni nikichambua mchele. Nilijua kwa sikio imechoka saa ngapi, na nilinyamaza. Masanja alinipigia mluzi akipita, sikumjibu. Nilipomaliza shule nilikuja Kahama, nikajifunza kusuka upya waya za mota zilizoungua kwa fundi mmoja mkali, na miaka yote hiyo nilijifariji kwamba baba naye alidanganywa, na siku akiujua ukweli ataniomba radhi.

Mwaka jana alikuja kunitembelea. Nikamweleza yote huku nikichomoa waya zilizoungua kwenye mota ya mteja. Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ile, mayu," akasema. "Fundo lile halikuwa la mkono wa mtoto."

"Sasa mbona ulinifukuza mimi?"

"Masanja alikuwa anatafuta sababu ya kukimbilia machimboni, na rafiki zake walishafukiwa na kifusi kule. Ningemsema, asubuhi asingekuwepo. Wewe ni mwanangu. Ungekwenda wapi?"

Alisema kwa upole kabisa, akinywa chai yangu. Na pengine alikuwa na busara zake, kwa sababu Masanja yu hai leo na ana watoto sita. Nilimsindikiza baba mpaka stendi, nikambebea begi, nikasubiri gari liondoke. Kisha nikasimama pale nikalia mbele za watu bila aibu. Tangu nina miaka tisa niliamini kwamba uongo wa siku ile ulitudhulumu wawili, mimi na baba, na hilo ndilo lililonifanya niendelee kumpenda bila kinyongo. Kumbe nilikuwa peke yangu.