Neno la Siri la Kitabu cha Disketi

Walisema sitafikisha mwaka. Mjomba wangu alisema hivyo huku akinihesabia fedha za tumbaku yake. Chama cha akiba cha parokia kilisema hivyo kwa kudai mdhamini wa pili. Mwenye duka la mabati alinikopesha kwa rehani. Alichukua hati ya kiwanja cha mama. Nisipolipa kabla ya mavuno ya pili, mama ahame.

Nilikuwa nimerudi Songea kutoka Lusaka na diploma ya uhasibu. Wenzangu, biashara huria iliporuhusiwa, walikimbilia mitumba. Mimi nilinunua kompyuta, nikaandika kitabu cha uhasibu cha sekondari na kukiuza ndani ya disketi. Mkoa mzima hapakuwa na mwingine mwenye akili hiyo. Nasema bila majivuno.

Kila disketi niliifunga kwa neno la siri. Mnunuzi alipewa lake kwenye bahasha.

Masika yalipokolea, mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliingia ofisini akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa ametoka upande wa Nakapanya, siku mbili juu ya lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, bahasha yako imeliwa na mchwa. Nipe hilo neno."

Nikamwandikia kwenye kikaratasi. Akakikunja kwenye kitenge.

"Hivi mlituuzia kitabu au kufuli? Maana kufuli ninalo nyumbani."

Nikaanza kumweleza, kwa upole wa msomi, kwamba neno la siri huzuia wezi. Kabla sijamaliza akaingia mwalimu Mnyamwezi aliyehamishiwa mjini kwetu, mtani wangu, kwa kuwa mimi ni Mngoni. Mkononi alikuwa na kitabu changu chote, kimechapwa kwenye karatasi na kushonwa kwa uzi.

"Umekipata wapi?"

"Kwa mwenzangu aliyenunua. Alikifungua mara moja, tukapiga fotokopi. Darasa zima wanacho."

"Umeniibia."

"Mngoni mzima hujui? Mtani haibi, anachukua. Babu zako walichukua ng'ombe, mimi nimechukua karatasi!"

Yule mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Aliyenilipa amelala njiani usiku mzima. Asiyenilipa ametoka mtaa wa pili.

Nikatoka nje, nikaiingiza baiskeli ya mtani kwenye chumba cha nyuma na kukifunga kwa kufuli.

"We! Baiskeli yangu!"

"Nimeichukua."

Akamgeukia yule mama, shahidi wa maneno yake mwenyewe. Nikampa disketi thelathini, nusu bei, zisizo na neno la siri: akiziuza zote kwa walimu wenzake na kuniletea fedha, baiskeli yake ataipata. Akaniita mchawi, akazibeba. Alitembea kwa miguu wiki tatu.

Walionakili waliendelea kunakili, sikuwazuia. Lakini kila shule iliyokuwa na kitabu, cha kununua au cha bure, ilitaka mazoezi mapya kila muhula, na hayo yalitoka kwangu tu, kwa fedha taslimu. Yule mama aliagizia shule tatu.

Siku niliyolipa, mavuno ya pili yalikuwa bado shambani. Asubuhi nilimaliza na chama, mchana na mjomba, aliyehesabu mara mbili. Jioni mwenye duka alitumia saa nzima kuitafuta hati ya mama ndipo akanikabidhi. Hakuwa ameiweka mahali pa vitu vya kurudishwa.