Betri Mpya za Mzee Shomari

Hapana, ngoja kwanza. Usiniambie ya Benchi ndiyo santuri bora, maana najua hayo umeyatoa wapi. Umeyatoa kwa Kagoma. Hakuna mtu Kibondo anayeisifia ya Benchi kwa mdomo uliojaa namna hiyo kama hakupitia kwa Kagoma, pale anapoziba pancha za baiskeli huku anafungulia watu maneno. Na najua alimalizia na kile kisa chake cha mkimbizi aliyekuwa analilia ngoma ya harusi, na wewe ukacheka. Sawa. Kaa hapo. Kisa hicho mimi nilikuwepo, na mkono wa Kagoma una alama ya meno yangu mpaka leo. Hiyo amekuonyesha? Hajakuonyesha.

Juzi nilikuwa Kasulu sokoni. Mama mmoja kaanika muhogo juu ya turubai, na katikati ya muhogo kapanga betri za redio zipigwe jua zipate nguvu kidogo. Ile harufu ilinishika miguu. Muhogo uliochachuka, halafu betri yenye joto, ile harufu ya chuma chenye chumvi unayoisikia kwenye ulimi kabla haijafika puani. Yule mama akanitazama akakusanya betri zake karibu. "Unataka nini, binti?" Ningemwambia nini? Nilitaka kuwa darasa la tatu tena, nimng'ate mtu.

Basi sikiliza. Wale Wawili tuliwaita hivyo hivyo, Wale Wawili, mwanamume na mwanamke, Wazungu, wanaimba Kifaransa kwa sauti laini utadhani wanambembeleza mtoto ambaye hata haumwi. Jina lao lilikuwepo kwenye gamba la karatasi la santuri, ila kila mtu alilitamka kivyake, mwisho tukaliacha. Kibondo nzima, nilizozijua mimi ni santuri zao kubwa mbili. Moja kwenye gamba wamekaa kwenye benchi wanacheka. Hiyo tukaiita ya Benchi. Nyingine wamesimama kwenye majani marefu, mwanamke kashika viatu mkononi, hawacheki. Hiyo ni ya Majani.

Ya Benchi ilikuwa ya Mzee Shomari mwenye duka, ambaye ndugu zake wako pwani na vitu vizuri vilimfikia kabla ya sisi kujua kwamba vipo. Gramafoni yake kubwa, betri anazitoa rafuni kwake mwenyewe. Ya Majani ilivuka mpaka pale Mabamba juu ya kichwa cha Mwalimu Lazaro, mwaka ule watu walipokimbia kutoka Burundi wengi mpaka njia ikawa nyeupe kwa kukanyagwa. Kwao alikuwa mwalimu kweli, wa darasani. Kwetu alikuwa analima vibarua. Alivuka na sanduku la bati, kigramafoni kidogo cha mfuniko, na santuri hiyo moja aliyoifunga kwenye kitenge cha mwanamke. Mwanamke mwenyewe hatukumwona, na hakuna aliyeuliza. Mwaka ule ukiuliza mtu mmoja habari za mkewe, unakuwa umeuliza watu wote.

Jumamosi alasiri, soko likipungua, watu walikaa kwenye baraza la duka la Mzee Shomari. Anapiga ya Benchi kwa mashine yake. Halafu Lazaro anaweka kigramafoni chake kwenye gunia la chumvi, anachomoa betri zake mfukoni, bado zina joto la jua maana alizianika asubuhi kando ya muhogo wetu, anapiga ya Majani. Halafu vita.

Na usidhani ni ubishi wa kitoto. Watu wazima walinuniana kwa santuri zile. Wa Benchi walikuwa watu wa dukani, madereva, karani mmoja mwenye saa. Walisema ya Benchi inachangamsha, sauti ya yule mwanamke inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, wakati kwenye ya Majani kachoka, sauti nzito, unaweza kudhani ni mwanamume wa pili. "Kazeeka," alikuwa anasema Kagoma. "Ama ana mafua. Mwambieni Mwalimu ampelekee asali."

Sisi wa Majani ndio tuliokuwa wengi, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Nilikuwa nasimama juu ya ngazi ya duka nikiwajibu wazee, mpaka Mzee Shomari akaniita Wakili. Hoja yangu ilikuwa hii, na sijapata nyingine bora: kwenye ya Benchi wale ni watu ambao hawajapatwa na kitu. Kwenye ya Majani wamefiwa. Ndiyo maana wanaimba polepole, ndiyo maana sauti yake imeshuka, ndiyo maana kashika viatu: anatoka kuzika. Mtu aliyefiwa haruki kama mbuzi!

Lazaro, ambaye peke yake pale alikijua Kifaransa, watu walimgeukia. "Mwalimu, wanasemaje?"

"Wanasema habari za nyumbani," anajibu. Kila Jumamosi hivyo hivyo.

"Wamefiwa, si wamefiwa?" namkomalia mimi.

"Ego, mwana wanje," ananiambia kwa Kiha chetu ambacho ni karibu Kirundi chake. Ndiyo, mwanangu. Halafu anatazama sindano inavyozunguka.

Sasa mama yangu. Mama hakuwa mtu wa baraza. Alikuwa anasimama pembeni na ungo wake wa karanga, kama anauza, na ya Benchi ikipigwa anauza kweli. Ikija ya Majani karanga zinakaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha barabarani, nyumba tukaiacha, migomba tukaiacha, na mdogo wangu Yohana, aliyekufa hata hajaanza kukaa, tukamwacha kwenye mahame nyuma ya migomba ile. Shangazi zangu walimwambia Mama mtoto mchanga haliliwi, utafunga tumbo usizae tena. Akatii. Nyumbani sikuwahi kuona chozi. Pale kwa Mzee Shomari, ule wimbo wa tatu wa Majani ukianza, ule wanaoanza wote wawili kwa pamoja chini chini, Mama alikuwa anaziba mdomo kwa ncha ya kanga, na uso wake unalowa hivi hivi mbele za watu, na hakuna shangazi wa kumkataza. Wimbo ukiisha anajifuta anauza karanga. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kulia, wiki nzima.

Kwa shukrani akachukua kuku wetu mweupe akabadilishana na Mzee Shomari kwa betri mpya, akampelekea Lazaro. Lazaro akazipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona aibu. Jumamosi iliyofuata akaja na zile zile kuukuu zilizoanikwa. Na inayofuata. Kagoma, aliyemwona Mama akizibeba, hakukosa la kusema: "Mkimbizi bahili! Anazifuga zizae?" Mimi nikamtetea nikasema anazitunza kwa ajili ya Krismasi. Krismasi ikaja ikapita, zile mpya zikabaki sandukuni. Moyoni nami nikaanza kumwona bahili, lakini moyoni tu. Kwa mdomo ningempigania hata kama angekuwa anakula betri.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, betri za Lazaro hazikupata jua. Ubishi ulikuwa umepanda tangu mapema, karani na muuza tumbaku nusura washikane mashati. Mzee Shomari akanyoosha mkono. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli ingawa sipendi kuusema. Alikuwa mtu anayependa kutoa mbele za watu.

"Leo tuhukumu kwa haki," akasema. "Benchi inalishwa vizuri, Majani inashindishwa njaa, halafu mnazishindanisha. Mwalimu, lete mashine yako. Betri hizi, za leo leo, sadaka yangu."

"Asante, Mzee. Hapana," akasema Lazaro.

"Hapana ya nini? Ni sadaka."

"Basi tu, Mzee. Hii yangu imezoea."

Watu wakacheka. Betri imezoea! Kagoma akamkumbatia kwa nyuma mabega yote mawili, kiutani, ile ya kukumbatia mtu asitoke. "Mwalimu anaogopa kushindwa!" Mimi nami nikasogea nione, maana kwa kweli sikuona ubaya. Nilifikiri Majani ikishiba itakuwa Majani zaidi. Mzee Shomari akafungua kile kigramafoni kwa chini, akatoa zile kuukuu akazitupa uani, akaingiza mpya. Sindano akaiweka mwenyewe, kwenye wimbo ule ule wa tatu, kwa sababu ndio tuliokuwa tunausifia.

Ukaruka.

Sijui nikwambieje. Wimbo ule ule, kila pumzi mahali pake, lakini unakimbia; betri kuukuu ndizo zilizokuwa zinaizungusha santuri polepole. Sauti nzito ya mwanamke ikapanda juu ikawa ya binti, nyembamba, inacheka. Kumbe nyuma kulikuwa na ngoma ndogo inapigwa chaka-chaka-chaka, ambayo sisi tulikuwa tunaisikia kama hatua za mtu anayetembea amechoka. Hawakuwa wamefiwa. Walikuwa wanacheza.

Baraza lote likalipuka. Karani anapiga mapaja. "Ngoma ya harusi!" Kagoma anapiga kelele. "Jamani, mwaka mzima wanalilia ngoma ya harusi! Mama Skola, lete kanga tukucheze!"

Skola ni mimi. Nikamtafuta Mama. Alikuwa bado kashika ncha ya kanga mdomoni, kavu, anatazama chini kwenye karanga kama amekamatwa anaiba.

Halafu nikamwona Lazaro. Kagoma alishamwachia ili apate nafasi ya kucheka. Lazaro hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona na sikulielewa: watu wote tulishtuka ila yeye. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini, chaka-chaka-chaka, haukosei hata kidogo, na mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu mpaka usawa wa bega, kiganja wazi, ukakaa pale hewani. Nilidhani anataka kumpiga mtu. Nikaomba ampige Kagoma. Hakumpiga. Machozi yakamtoka mguu ukiwa bado unacheza, na hapo ndipo Kagoma akasema lile neno unalolijua, la mkimbizi anayelilia ngoma ya harusi, akaongeza, "Tazama, bado analia!"

Ndipo nikamng'ata Kagoma mkono. Walinivuta miguu watu wazima ndipo nikaachia.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Yaliletwa magari ya kuwapeleka waliovuka kwenye makazi yao mbali huko, naye akajiandikisha, ingawa mwanzo alikuwa amesema atabaki kwetu. Asubuhi ya kuondoka alipita nyumbani, ukungu umekaa mpaka mlangoni. Akampa Mama ya Majani ikiwa kwenye kile kitenge, na zile betri mpya za kuku mweupe, hazijafunguliwa karatasi.

"Unisamehe, dada," akamwambia. "Sikuwa nakudanganya. Nilikuwa naijua ilivyo. Ule mwendo wake niliuacha kule."

Mama akasema, "Najua, kaka." Mpaka leo sijui alijuaje.

Hatukuwa na gramafoni. Santuri ikakaa chini ya godoro la majani ya migomba. Mama hakurudi barazani, karanga akawa ananituma mimi, na mimi nilikuwa nazipeleka upande wa pili wa soko. Sikumwona akilia tena, hata alipokufa mama yake mzazi. Shangazi zangu walifurahi, wakasema amekuwa imara.

Hayo yote nilikaa nayo bila kuyaelewa, nikayafanya kuwa hasira, maana hasira mimi naijua kuitunza. Mpaka mwaka jana, harusi Kasulu, ya watoto wa watu waliovuka enzi zile. Kuna jenereta, kuna spika. Katikati ya sherehe ikawekwa santuri, na kabla sauti haijaanza nilishaijua ile pumzi. Wimbo wa tatu wa Majani, katika mwendo wake. Wazee wakaacha sahani. Wanaume wakasimama mbele ya wake zao, mguu wa kulia chini, mkono wa kushoto juu usawa wa bega, kiganja wazi. Na kila mwanamke akaja akaweka mkono wake pale.

"Huo tumeolewa nao wote kule kwetu," bibi mmoja akaniambia huku anapanguza mikono aende kucheza. "Ukishapigwa huo, basi, ni mke wa mtu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye giza la migomba ya watu nikamtukana Kagoma mpaka nikaishiwa.

Kwa hiyo sawa, nakubali, alisema kweli. Ilikuwa ngoma ya harusi. Anajivunia mpaka leo kwamba siku ile walimsikilizisha mkimbizi ukweli kwa betri nzuri. Lakini kati ya wote waliokuwa wanacheka pale barazani, hakuna hata mmoja aliyeuliza harusi ya nani. Na wewe uliyekaa kwa Kagoma ukacheka mpaka ukaja kunisimulia mimi, uliuliza?