Kuku wa Bi Siti aliyenihama Ukunda, nikamkuta kwenye jengo bovu

Wakuu, heshima kwenu. Hii niliiona kwa macho yangu na sijaitia chumvi.

Nilitoka Molo juu ya lori la viazi, nikashukia Mombasa, nikavuka Likoni kwa feri nikiwa na ndoo ya brashi. Mimi ni fundi rangi. Kabla ya hapo nilishakaa Kitale, Narok na Voi. Sikai mahali, ndivyo nilivyo.

Ukunda nikapata chumba kwa Bi Siti, mama wa Kidigo, nyuma ya Kona ya Musa. Uani alikuwa na tetea mmoja mwekundu, wa mwisho wa mbegu aliyoachiwa na marehemu mamake. Bi Siti goti lilikuwa linamsumbua, akanikabidhi mimi huyo kuku.

"Mayai kula. Kuku si wako."

Wakuu, yai lililotagwa asubuhi ile ile ni kitu kingine. Kiini cha manjano kabisa, na ganda bado lina joto mkononi. Nilirudi utotoni kwa nyanya yangu.

Tamaa ikanishika. Siku moja nikakusanya yote kiotani, nikafagia na kutandika nyasi mpya. Nikajiona fundi.

Kesho yake kuku hakutaga pale. Baada ya siku kadhaa hakuonekana kabisa.

Nikaenda kwa Bi Siti, moyo mzito.

"Shikamoo. Kuku simwoni."

"Marahaba. Mayai uliacha mangapi?"

"Nilichukua yote."

Akaweka mbuzi ya nazi chini. "Umekomba yote? Nyinyi watu wa bara! Kuku huachiwa moja. Akikuta kiota kitupu ataona pana mwizi, atahama."

Hakunigombeza zaidi. Alirudia nazi yake, akakuna bila kuniangalia. Mbegu ya mamake ilikuwa imepotelea mikononi mwangu. Majirani wakasema ameliwa na nguchiro.

Nilitafuta kila kichaka. Sikupata hata unyoya.

Halafu asubuhi moja nikamwona kwenye bomba, manyoya yamemsimama, anakunywa kwa pupa kama aliyeacha chungu motoni. Nikamfuata polepole. Akaingia jengo la jirani lililokwama kwenye lenta, halina hata paa, akajipenyeza nyuma ya makuti yaliyooza.

Alikuwa ameatamia.

Nikamwita Bi Siti. Akaja akichechemea, akaingiza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akatoa yai moja. "Washa tochi ya simu."

Pale nyuma ya makuti, penye giza, aliliweka yai juu ya mwanga. Likawaka jekundu. Nikaona mishipa myembamba kama mizizi, na katikati nukta nyeusi inapiga. Inapiga, wakuu. Moyo.

"Subhanallah," akasema, kwa sauti ya chini. Mayai niliyokaanga miaka yote yalinipita kichwani.

Vifaranga walipokaribia kutoka nililala kifudifudi pale kwenye vumbi. Kifaranga alilia akiwa bado ndani ya ganda, na mama akamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Walikuwa wanaongea kabla hawajaonana.

Tangu hapo niliacha yai moja kila mara, nimelipaka mkaa nisilichanganye.

Miguu ikaanza kuniwasha tena, nikataka kuhama. Kazi ya rangi niliyokuwa nayo hapo jirani Diani ikaisha, nikapata nyingine ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Siku ya kuondoka Bi Siti alinifungia mayai ya kuchemsha kwenye khanga kuukuu. Akachungulia chumba changu, kitupu, nimeshafagia.

"Umekomba yote?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikafungua ndoo, nikatoa brashi yangu nzuri kuliko zote, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndipo akanipa mkono.

Sijarudi, na sidhani nitarudi. Ila Ukunda ndiyo sehemu pekee ambapo najua kitu changu kiko wapi.

Nilichojifunza: kuku usimkombe. Mengine mtajaza wenyewe. Wafugaji wa uani, nyinyi huacha mangapi?